Kununua RV huku unahama jimbo Marekani: anza na makao, gari lifuate

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu, hasa ninyi mlioko Marekani. Uzi huu ni wa wale wanaotaka kuachana na kodi ya pango wanunue RV, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, waishi humo, na wakati huohuo wanataka kuhamisha makao yao ya kisheria kutoka jimbo moja kwenda lingine. Manesi wa mikataba ya wiki 13 mko wengi, madereva wa malori mpo, na siku hizi hata wazee ambao watoto wameshatoka nyumbani wanaulizia. Mimi na mke wangu tumepita njia hii, tulitoka Minnesota tukahamia Texas, yeye ni nesi, kwa hiyo nitaongelea zaidi hayo ninayoyajua. Kaeni vizuri, ni mrefu.

Kila mtu akinipigia swali lake la kwanza ni moja tu, jimbo gani lina ushuru mdogo wa RV? Nawaambia wote hivi, ushuru wa gari unalipa mara moja ukaisha, lakini makao yako ya kisheria yanashika leseni yako ya udereva, leseni yako ya kazi, bima ya afya, kodi ya mapato ya kila mwaka, na kama wewe si raia bado yanashika hadi faili lako la uhamiaji. Sasa mtu anachagua jimbo zima kwa ajili ya ushuru wa siku moja kweli?

Tupige hesabu. RV ya dola 60,000. South Dakota wanachukua asilimia 4, yaani dola 2,400. Florida asilimia 6, dola 3,600, na ile nyongeza ya kaunti wanaikata kwenye dola 5,000 za kwanza tu kwa hiyo haiumi. Texas asilimia 6.25, dola 3,750. Minnesota tangu 2023 ni asilimia 6.875, dola 4,125. Kutoka jimbo la juu hadi la chini hapo tofauti ni dola 1,725. Ni hela, sikatai, lakini angalia upande wa pili, South Dakota, Texas na Florida zote tatu hazina kodi ya mapato ya jimbo, wakati Minnesota inaanzia asilimia 5.35 inapanda mpaka 9.85, na hiyo unakatwa kila mwaka. Ndio maana watu wanaoishi kwenye RV moja kwa moja wamejazana kwenye hayo majimbo matatu.

Sasa mpangilio, hapa ndipo watu wanapoteza hela. Mtu anaona RV nzuri kwa dila (muuza magari) wa mtaani kwake, anainunua leo, anaisajili jimbo lake la zamani, halafu baada ya miezi michache anahama. Ushuru ameshalipa kwa kiwango cha jimbo la zamani. Akifika jimbo jipya mara nyingi hawamtozi upya wote, Florida na South Dakota wanahesabu kile ulicholipa kwingine, na Texas mhamiaji mpya anayeleta gari alilokwisha kulisajili kwingine kwa jina lake analipa dola 90 tu. Sawa, lakini ile tofauti uliyolipa zaidi kule nyuma hakuna anayekurudishia. Na ukienda kinyume, umelipa asilimia 4 South Dakota halafu kabla ya miezi sita gari likaingia Florida usajili huko, wanakudai hizo asilimia 2 zilizobaki. Juu ya hapo unasajili mara mbili, pleti mara mbili, bima unaandikiwa upya, na kama kuna mkopo, ile kadi ya umiliki iko benki, inabidi uwaombe waitume jimbo jipya na hapo unaweza kusubiri mpaka uchoke. Sisi ya gari letu dogo tuliisubiria wiki kwa wiki, kila ukipiga simu unaambiwa imeshatumwa, ukipiga kaunti wanakuambia hatujaiona.

Kwa hiyo, makao kwanza, halafu RV. Na makao maana yake nini? Sheria inaangalia mambo mawili, umefika pale kimwili na una nia ya kupafanya ndio kwenu, mahali ambapo ukisafiri unahesabu utarudi. Mtu anaweza kuwa na nyumba tatu lakini makao ya kisheria ni moja tu kwa wakati mmoja. Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo wanaisoma kwenye makaratasi yako. Minnesota wana orodha ya vigezo 26 wanavyovipima mtu akisema amehama, leseni ya udereva ya wapi, leseni ya kazi ya wapi, gari limesajiliwa wapi, akaunti za benki, watoto wanasoma wapi, barua zinakwenda wapi, nyumba ya zamani umeifanyaje. Ukiacha nyumba yako Minnesota iko wazi inakusubiri na ukalala huko zaidi ya nusu mwaka, watakuhesabu mkazi hata kama mfukoni una leseni ya Texas. New York nao ni hivyohivyo, ukiwa na makazi ya kudumu kule na ukapitisha siku 183 wanakudai kama mwenyeji.

Kwa Texas tulifanya hivi. Tulitafuta kwanza anwani, maana mtu wa RV hana nyumba. Kuna kampuni zinazokupa anwani na kukupokelea barua, unajaza fomu 1583 ya posta mbele ya mthibitishaji ndio wanaruhusiwa kupokea barua zako. Livingston, Texas ni mji maarufu sana kwa hilo, watu wa RV wengi anwani yao iko pale. Halafu tukaenda wenyewe, si kwa simu. Na Texas kuna jambo watu hawalijui, ukienda kubadilisha leseni ya jimbo lingine wanataka uthibitisho kwamba magari unayoyamiliki umeshayasajili Texas na yana bima. Kwa hiyo unaanza ofisi ya kodi ya kaunti, unasajili gari ulilonalo, ndipo unaenda kwenye leseni. Gari ulilohamia nalo una siku 30 kulisajili, leseni siku 90. Fikiria sasa kama ungekuwa umeshanunua RV ina pleti za Minnesota na kadi iko benki, umekwama na leseni umekwama na RV. Sisi tulikuwa na gari dogo tu, tukamaliza, leseni mpya zikatoka, bima ikahamia, benki ikaandikwa anwani mpya, ndipo tukaenda kutafuta RV tukiwa wakazi wa Texas kamili, na dila akaandika mauzo kwa anwani hiyo.

South Dakota ni rahisi zaidi kwa msafiri, wana hati ya kiapo kwa watu wasio na nyumba ya kudumu, unalala angalau usiku mmoja kwenye kambi au hoteli, unabaki na risiti yenye jina lako, na una anwani ya kupokelea barua huko. Ila tangu 2023 kupiga kura kunahitaji uwe umeishi kule siku 30, kwa hiyo raia mnaopenda kupiga kura mlijue hilo mapema. Florida wana tamko la makao unaloliapa na kuliwasilisha kwa karani wa mahakama ya kaunti, ni karatasi nzuri sana kuwa nayo jimbo lako la zamani likikuuliza.

Karibuni maswali.

#2 Mdau

Uzi umeshiba mkuu. Swali, kuna jamaa ameniambia nifungue LLC ya Montana, RV inasajiliwa kwa jina la kampuni, Montana hakuna ushuru wa mauzo kabisa, silipi hata senti. Yeye anakaa California na anayo. Vipi hiyo?

#3 Mleta uzi

Ni kweli Montana hawana ushuru wa mauzo, na kufungua LLC kule ni halali. Tatizo ni wewe unaishi wapi na gari linatumika wapi. California gari lililonunuliwa nje likiingia ndani ya miezi 12 wanachukulia kwamba lilinunuliwa kwa matumizi ya California na wanadai ushuru wao, na wamekuwa wakiwafuatilia watu wa pleti za Montana miaka mingi, unalipa ushuru, riba na faini. Halafu kuna bima, umemwambia bima gari ni la kampuni iko Montana, kumbe ni familia inalala humo Sacramento, siku likiungua wanaanza kuchimba. Na kama una grini kadi unasubiri uraia, kwa nini ujiwekee doa la kukwepa kodi kwenye rekodi kwa ajili ya dola elfu chache? Mimi kwa moyo mmoja nakuambia usifanye.

#4 Mdau, nesi

Samahani kaka, mimi niko Minneapolis, nataka kuanza mikataba ya kusafiri. Nimesikia nikihamia Texas nitapata leseni moja ya majimbo mengi, na wakala wangu anasema hela ya nyumba na chakula haikatwi kodi. Kwa hiyo nikikaa kwenye RV ile hela ya nyumba yote inabaki kwangu si ndio?

#5 Mleta uzi

Dada yangu, swali hili ni zito kuliko RV yenyewe, soma polepole.

Leseni kwanza. Minnesota haiko kwenye ule mkataba wa leseni za manesi wa majimbo mengi. Texas, Florida na South Dakota zote zimo. Leseni hiyo inafuata jimbo la makazi yako makuu, na wanathibitisha kwa leseni ya udereva, kadi ya kura kwa raia, au fomu ya kodi ya serikali kuu. Kwa hiyo ukishakuwa mkazi wa Texas kweli unaomba ya Texas. Na ukija kuhama tena kutoka jimbo moja la mkataba kwenda lingine la mkataba, kanuni ya tangu Januari 2024 inakupa siku 60 uombe mpya.

Sasa hela ya nyumba na chakula. Hiyo haikatwi kodi kwa mtu mwenye kile IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wanaita makao ya kikodi, na hiki ni kitu tofauti na makao ya kisheria, watu wanavichanganya kila siku. IRS wanauliza, una kazi eneo la nyumbani kwako? Unalipa gharama mbili kwa wakati mmoja, za nyumbani na za ulikokwenda kufanya kazi? Hujalitelekeza eneo la nyumbani? Ukikidhi moja tu kati ya hayo wewe ni mtu wa kuhamahama, nyumbani kwako ni popote unapofanya kazi, na hapo ile hela yote ni mshahara, inakatwa kodi. Nesi aliyeuza kila kitu, anaishi kwenye RV anayohama nayo, nyumbani kwao ni sanduku la barua Livingston analolipia dola chache kwa mwezi, huyo hana gharama mbili. Wakala atakupa fomu utie sahihi kwamba una makao ya kikodi. Sahihi ni yako, si ya wakala, IRS wakija watakuja kwako. Mke wangu alikataa kuitia sahihi, hela yake ikakatwa kodi yote, na tunalala usingizi.

Na mkataba wako ukiwa California, California inakata kodi ya mapato yaliyopatikana kule hata kama wewe ni wa Texas. Kutokuwa na kodi ya mapato nyumbani kunakusaidia kwenye hela uliyoipata kwenye majimbo yasiyokata. Piga hesabu yako kwa mikataba unayoitaka kwanza, halafu ndio uone hiyo RV inalipa au hailipi.

#6 Mdau

Boss mimi nina grini kadi, nimejaza miaka minne, mwakani naomba uraia. Kuna shida nikihama na RV sai?

#7 Mleta uzi

Kaka kwa hali yako mimi ningengoja. Kwanza kila asiye raia akihama anwani ana siku 10 kuwaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, kwa ile fomu AR-11, inafanyika mtandaoni na ni bure, watu wengi hawafanyi. Pili fomu ya uraia N-400 inataka uwe umeishi miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ya USCIS unayoombea kabla ya kuituma. Kuishi, si kupokea barua. Ukiwa unazunguka na RV miezi miwili huku mwezi kule, utamwambia nini ofisa akikuuliza unaishi wapi? Barua ya alama za vidole ikienda kwenye sanduku wakati wewe uko Arizona, ukakosa tarehe, umejiumiza mwenyewe. Omba uraia ukiwa umetulia mahali pamoja, apa, kisha nunua RV uende unakotaka.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa wote wasio raia: UKIBADILISHA LESENI JIMBO JIPYA WATAKUULIZA KAMA UNATAKA KUJIANDIKISHA KUPIGA KURA. JIBU NI HAPANA. Wakati mwingine ni kiboksi kidogo kwenye skrini na karani anakuharakisha, foleni ndefu nyuma yako, unabonyeza tu ndiyo ndiyo. Soma kila kiboksi. Kujiandikisha kura wakati si raia kunaweza kukufukuzisha nchi, na "sikuelewa" haitakuokoa.

#8 Mdau, dereva wa lori

Na sisi wenye CDL, leseni ya udereva wa kibiashara, mkuu? Nataka kuacha apatimenti Columbus niwe na RV kwenye kiwanja cha rafiki Texas.

#9 Mleta uzi

CDL ni ya jimbo la makao yako ya kisheria, na ukihamisha makao una siku 30 tu za kuihamisha, si 90 kama leseni ya kawaida. Na sheria ya CDL inasema wazi, ni nyumbani kwako halisi unaporudi kila ukitoka safari. Wewe una bahati kwamba una kiwanja cha mtu halisi, iandike hiyo, muwe na makubaliano ya maandishi na rafiki yako. Ukikaa na CDL ya Ohio huku maisha yako yote yako Texas, siku ya ajali mawakili wataanzia hapo.

#10 Mdau

Benki yangu imekataa mkopo wa RV wamesema anwani yangu ni ya sanduku. Na bima wameniuliza kama naishi humo muda wote, niseme hapana?

#11 Mleta uzi

Usiseme hapana. Bima ya RV ya kawaida ni ya mtu wa likizo. Anayeishi humo muda wote ana bima yake maalum, inagharimu zaidi lakini inabeba vitu vyako vya ndani na mtu akiumia kwenye eneo lako kambini, kama bima ya nyumba. Ukidanganya unalipa bima ambayo siku ya kudai haipo.

Benki, ndio, wana wajibu wa kujua unaishi wapi kimwili na anwani za kampuni za barua wanazitambua. Wengine hawakopeshi kabisa mtu anayeishi kwenye RV. Uliza hilo kabla hujalipa amana kwa dila, na uliza vyama vya mikopo pia si benki kubwa tu. Na mkopo wa RV unaweza kwenda miaka 15 hadi 20, gari linashuka thamani haraka kuliko deni, kwa hiyo weka hela ya mbele ya kutosha. Kizuri kimoja, RV yenye kitanda, jiko na choo IRS wanaihesabu kama nyumba, riba ya mkopo wake unaweza kuitoa kwenye kodi kama unaorodhesha matumizi badala ya kuchukua lile punguzo la kawaida.

#12 Mdau

Nimepata ya mtu binafsi, imetumika, bei nzuri sana. Niangalie nini?

#13 Mleta uzi

Maji. Adui wa RV ni maji kabla ya injini. Ingia ndani, nenda kwenye kona za madirisha na chini ya kiyoyozi cha dari, bonyeza ukuta kwa dole gumba. Ukuta mzima ni mgumu, uliooza unabonyea na unarudi taratibu kama mkate uliolowa. Fungua makabati ya juu unuse ndani kwenye kona. Kisha toka nje usimame ubavuni utazame ule upande ukiwa umelala na mwanga, ukiona uvimbe au mawimbi kwenye bodi maji yameshaingia katikati na huo si ukarabati wa laki mbili tatu za kwetu.

Tairi usiangalie kashata tu. Tafuta pembeni maandishi DOT, mwishoni kuna namba nne, kwa mfano 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. RV zinakaa sana bila kutembea, tairi linaonekana jipya kumbe limezeeka linapasuka barabarani. Na soma kibandiko cha uzito, motohomu ikizidi pauni 26,000 Texas wanataka leseni ya daraja B isiyo ya kibiashara, si hiyo uliyonayo.

Makaratasi, VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya kwenye kadi ilingane na ya kwenye gari, jina la muuzaji lilingane na kitambulisho chake, na uone kama kuna benki imeandikwa pale. Kama ipo usimpe mtu hela mkononi, malizaneni benki deni lifutwe mbele yako. Akikuambia kadi iko njiani inakuja, na wewe mwambie hela iko njiani inakuja.

#14 Mdau

Mkuu mimi niko Minnesota, raia, si nesi, nafanya kazi ya kompyuta kutoka nyumbani, mke na mtoto wa darasa la pili. Kesho kutwa dila anataka amana. Nifanyeje?

#15 Mleta uzi

Amana usilipe kesho kutwa. RV zinatengenezwa Elkhart, Indiana kila siku, nyingine itakuja.

Anza na mwajiri, muulize kama anakuruhusu kufanya kazi ukiwa jimbo lingine, wengine hawajasajiliwa kulipa watu huko. Bima ya afya kama ni yako mwenyewe, kuhama kunakufungulia siku 60 za kuchukua mpya, lakini angalia hospitali zake, nyingi zinakulipia jimbo moja tu na nje ni dharura pekee, kwa mwenye mtoto hilo ni kubwa. Shule ya mtoto, kama mtamfundisha wenyewe Texas ni wepesi mno, wanaihesabu kama shule binafsi na hutoi taarifa kwa serikali.

Yakikaa sawa hayo, malizaneni na nyumba ya Minnesota, iuzeni au mkataba wa pango uishe kabisa, nendeni Texas na gari mlilonalo, anwani, usajili, leseni zote mbili, bima, benki. Mwaka huo kodi ya Minnesota unajaza kama mkazi wa sehemu ya mwaka, na tarehe ya kuhama iwe ni ile makaratasi yako yote yanayoisema. Kisha rudi kwa dila yuleyule kama bado anayo, na gari lako la zamani mpe kama sehemu ya malipo, majimbo mengi yanakata ushuru kwenye kile kinachobaki tu, Texas ikiwemo. Ukifika kwenye kuchagua kambi ya kuanzia nitag hapa nikuelekeze tulikokaa sisi, kuna moja ina uwanja mzuri wa watoto.